GBS kwa vichanga na watu wazima: maswali ninayoulizwa kila siku

Mi ni mkunga, nimekaa leba miaka mingi, na hakuna wiki inapita bila mama kuniuliza habari za huyu bakteria. Wengine wamesikia kwa dada zao walioko Marekani, wengine wamepewa karatasi ya maabara imeandikwa GBS na alama ya kujumlisha wakaenda kulia chooni, na wengine wamezika mtoto wa siku mbili na mpaka leo hawajaambiwa kilichomuua kinaitwaje. Nimeyakusanya maswali yenyewe hapa kama yalivyokuja, yana mpangilio kiasi tu, soma lile linalokuhusu.

GBS ni nini hasa?

Ni bakteria, jina lake refu ni streptokokasi kundi B. Anaishi kwenye utumbo na sehemu za siri za watu wengi wazima bila kuwasumbua kabisa. Mwanzoni alijulikana kwa ng'ombe, maana alikuwa anavimbisha kiwele na maziwa yanakata, ndo maana jina lake la kisayansi lina neno agalactiae, yaani kukosa maziwa. Herufi B ilitokana na kazi ya mama mmoja mwanasayansi wa Marekani, Rebecca Lancefield, ambaye mwaka 1933 aliwagawa hawa streptokokasi kwa herufi. Kundi A ndo yule wa vidonda vya koo, huyu wa kwetu ni B, usiwachanganye.

Halafu angalizo, ukitafuta GBS kwenye intaneti utakutana na ugonjwa mwingine wa neva unaofanya mtu apooze kuanzia miguuni, na wenyewe unafupishwa hivyohivyo. Hauhusiani kabisa na huu. Kuna dada alinipigia saa sita usiku anatetemeka, amesoma ukurasa usio wake.

Ni ugonjwa wa zinaa? Mume wangu ndo ameniletea?

Hapana. Hauhesabiwi kwenye magonjwa ya zinaa na majibu yako hayasemi chochote kuhusu mumeo wala kuhusu wewe. Makazi yake makuu ni utumbo, kutoka pale anahamia ukeni kwa sababu njia zenyewe ziko jirani. Na wala sio suala la uchafu, mama anayeoga mara tatu kwa siku anaweza kuwa naye. Naliweka swali hili juu kabisa kwa sababu nimeshaona ndoa inatikisika kwa karatasi ya maabara ambayo hakuna mtu aliyekaa chini kuielezea.

Nitajuaje kama ninaye? Ana dalili gani?

Kwa mama aliyembeba tu, hana dalili. Huwashwi, hutoki uchafu wenye harufu, huumwi tumbo. Anakuja na kuondoka, mwezi huu yupo na miezi miwili mbele hayupo. Kinachoweza kukushtua ni UTI ya ujauzito, mkojo ukioteshwa wakamkuta humo basi unatibiwa UTI yako na pia unahesabiwa kuwa na GBS mpaka siku ya kujifungua, hata kama mkojo umeshakuwa safi. Hiyo iandikwe kwenye kadi yako ya kliniki, simama hapohapo mpaka iandikwe.

Ni wengi kiasi gani wanaye? Huku kwetu yupo kweli au ni mambo ya Wazungu?

Yupo, na sio kidogo. Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima wajawazito ukamkuta kwa asilimia 23, na katika watoto waliozaliwa na akina mama hao karibu asilimia 9 walikuwa naye mwilini. Kilifi, pwani ya Kenya, walipima akina mama 7,967 wakamkuta kwa 934, yaani asilimia 12. Dunia nzima, makadirio ya Shirika la Afya Duniani na wenzao wa London yaliyotoka mwaka 2021 ni wajawazito karibu milioni 20 kwa mwaka, watoto zaidi ya 90,000 wanaokufa, na zaidi ya 46,000 wanaozaliwa wafu. Sehemu kubwa ya vifo hivyo iko Afrika kusini mwa Sahara. Kwahiyo mtu akikwambia ni ugonjwa wa Ulaya, ujue huko wanaujua kwa sababu wanaupima.

Kama ni wengi hivyo mbona watoto wetu wengi wanazaliwa wazima?

Kwa sababu kumbeba sio kuugua. Chukua akina mama 100 wenye GBS wanaojifungua bila dawa yoyote: karibu nusu ya watoto wao watatoka na bakteria juu ya ngozi, puani, mdomoni, na wataishi naye bila shida. Mmoja au wawili ndo wataugua. Namba ni ndogo, hiyo ni kweli, na nakuomba usikose usingizi kwa ajili yake. Ila ugonjwa wenyewe unakwenda kasi mno kwa hao wanaoupata, na kuna vitu vinavyoongeza hatari ambavyo unaweza kuvifuatilia wewe mwenyewe ukiwa umekaa nyumbani.

Vitu vyenyewe ni uchungu kuanza kabla ya wiki 37, chupa (ule mfuko wa maji anamokaa mtoto) kupasuka na kupita saa 18 bila mtoto kuzaliwa, homa ya nyuzi 38 na kuendelea wakati wa uchungu, GBS kwenye mkojo katika mimba hii, na kama ulishawahi kuzaa mtoto aliyeugua GBS.

Chupa imepasuka lakini uchungu bado, nisubiri nyumbani?

Usisubiri. Hili ndo swali ninalotaka ulisome mara mbili.

Ile chupa ndo mlango. Ikiwa nzima, bakteria wa ukeni anapata shida kumfikia mtoto, japo haimzuii kila mara. Ikishapasuka njia iko wazi, anapanda juu, anaingia kwenye maji, mtoto anayavuta kwenye mapafu akiwa bado tumboni. Kila saa inayopita inampa nafasi zaidi, ndo maana tunahesabu hizo saa 18.

Ngoja nisimulie. Miaka ya nyuma nilipokuwa kwenye kituo kingine, alikuja mama wa mimba ya kwanza, ijumaa usiku, uchungu umekolea, njia imefunguka sana, baada ya dakika arobaini mtoto huyu hapa, wa kike, kilo 3.1, kalia vizuri, kila mtu kafurahi. Kwenye faili ile sehemu ya saa ya chupa kupasuka ilikuwa tupu. Hakuna aliyeuliza, na mimi nilipokea zamu nikaiona tupu nikapita, nikasema nitauliza baadaye. Alfajiri bibi yake mtoto akaniambia, nesi, huyu mjukuu wangu ni mpole jamani, tangu saa nane hajaamka hata kunyonya. Nikamfunua. Kila akitoa pumzi alikuwa anaguna, kasauti kadogo kama ka mtu anayebeba ndoo nzito, pua zinatanuka, nyayo za baridi. Nikashika saa nikahesabu pumzi dakika nzima, 78. Ndo nikamuuliza mama, chupa ilipasuka lini? Akasema alhamisi alfajiri, aliamka akakuta khanga imelowa, jirani akamwambia usiende mapema watakurudisha, subiri uchungu ushike. Karibu saa 40.

Alianza sindano ndani ya dakika chache na alipona, alikaa wodi ya vichanga siku kumi, damu iliyooteshwa ikaonyesha GBS. Lakini kama tungeuliza swali moja pale mlangoni, mama angepata dawa akiwa kwenye uchungu na mtoto angewekwa chini ya uangalizi tangu dakika ya kwanza. Tangu siku hiyo siruhusu sehemu ile ibaki tupu, na nakuomba na wewe usiiache. Chupa ikipasuka angalia saa, iandike kwenye simu au nyuma ya kadi, hata kwa kalamu mkononi. Imepasuka saa 11 alfajiri? Basi saa 18 zinaishia saa 5 usiku wa siku hiyohiyo. Ukifika kituoni ndo iwe sentensi yako ya kwanza, kabla hata ya jina. Na wakikurudisha nyumbani waulize kwanza hiyo saa wameiandika wapi.

Kama huna usafiri, kwa Tanzania kuna namba ya bure ya m-mama, 115, ni kwa dharura za wajawazito na vichanga.

Nitamjuaje kichanga mwenye ugonjwa? Mtoto si kazi yake kulala?

Analala ndiyo, lakini anaamka kula. Kichanga mzima ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku na akinyonya unausikia ule mvuto. Mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri halafu kaacha, ukimwekea titi mdomo uko legelege, ukimfinya unyayo anafungua macho anarudi kulala, huyo sio mpole, huyo anaumwa.

Angalia pia pumzi. Mvue nguo juu, atulie, hesabu tumbo linavyopanda dakika nzima kwa saa ya simu, usihesabu nusu ukazidisha maana vichanga wanapumua kwa vipindi. 60 na kuendelea, hesabu tena, ikiwa bado ileile nenda. Kuguna, pua kutanuka, mbavu kuingia ndani, midomo kuwa ya bluu au kijivu, nenda bila kuhesabu.

Joto linawachanganya wengi kwa sababu wanasubiri homa. Nyuzi 37.5 na kuendelea ni hatari kwa kichanga, sawa, ila chini ya 35.5 nayo ni hatari vilevile, na vichanga wengi wenye maambukizi kwenye damu wanapoa badala ya kuchemka. Mtoto wa Dar, kwenye joto la Februari, amefunikwa blanketi na miguu yake ya baridi, hilo ni jambo la kukushtua.

Halafu kuna degedege, kwa kichanga linaweza lisiwe la kurusha mikono na miguu, anaweza kukodoa macho upande mmoja, akawa anatafuna hewa, mkono mmoja unachezacheza. Utosi ukivimba juu wakati hajalia, fikiria homa ya uti wa mgongo. Najua kwenye nyumba nyingi degedege na utosi vina maelezo yake na dawa zake za kuchua na kufukiza, na sitaki kugombana na bibi yako, naomba tu hospitali iwe ya kwanza, kwa sababu huyu bakteria anaua ndani ya saa na sio ndani ya siku. Kule Kilifi kati ya watoto 36 waliofika hospitali na kutibiwa kwa GBS ya siku za mwanzo, 17 walikufa. Hao ni waliofika. Wengi walikufa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kwahiyo fikiria waliozaliwa nyumbani.

Wiki ya kwanza imepita, amesalimika?

Sehemu kubwa ya hatari imepita, sio yote. Kuna aina mbili. Ya mapema ni ndani ya siku 7, na wengi wao wanaonekana siku ya kwanza au ya pili, hiyo anaipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Ya kuchelewa inaanzia siku ya 7 mpaka karibu miezi mitatu, hiyo mtoto anaweza kuipata kwa mama, au kwa mikono ya watu wengine, au wodini, na ndo inayopenda kuwa homa ya uti wa mgongo. Kwahiyo hata arobaini ikishatoka, mtoto akikataa titi na kuchemka usiseme meno wala hali ya hewa.

Wageni wanawe mikono kabla ya kumpakata. Najua ni vigumu kumwambia wifi au mama mkwe, basi weka ndoo na sabuni pale mlangoni, wataelewa.

Kipimo kinafanyikaje na kwa nini kliniki hawajanipima?

Ni kijiti chenye pamba. Kinapitishwa kidogo ukeni sehemu ya chini, halafu kijiti hichohicho njia ya haja kubwa, basi, hakuna chuma cha kupanua, unaweza hata kujichukua mwenyewe ukielekezwa. Wakichukua ukeni peke yake wanawakosa akina mama wengi. Maabara wanaotesha, majibu yanachukua siku mbili mpaka tatu. Muda wake ni wiki ya 36 mpaka 37, ukipima wiki ya 20 majibu hayo hayatakusaidia siku ya kujifungua kwa sababu nimesema bakteria anakuja na kuondoka.

Marekani wanawapima wajawazito wote tangu mwaka 2002. Uingereza hawapimi wote, wanaangalia vile vitu vinavyoongeza hatari. Huku kwetu kliniki nyingi utapimwa VVU, kaswende, wingi wa damu, malaria na mkojo, hiki cha GBS hakimo, na sababu zake zinaeleweka, kinataka maabara inayootesha vimelea vizuri na majibu yanayorudi kwa wakati. Ukiwa na uwezo wa hospitali yenye maabara hiyo uliza. Ukiwa huna, usijione umemwacha mtoto wako wazi, vile vitu vitano nilivyovitaja juu havihitaji maabara, na dawa inaweza kutolewa kwa kuviangalia hivyo.

Nimekutwa naye. Kwa nini wasinipe vidonge sasa hivi nimalize?

Wazo zuri lakini halifanyi kazi. Vidonge vya wiki ya 36 vitampunguza, kisha atarudi kutoka kwenye utumbo kabla hujajifungua, na utakuwa umekula dawa bure. Dawa inayomlinda mtoto ni ya mshipa, inaanza uchungu ukianza au chupa ikipasuka. Ni penisilini au ampisilini, inarudiwa kila baada ya saa nne mpaka mtoto azaliwe. Tunapenda ipate saa nne kabla ya mtoto kutoka, ndo muda ambao imeshaingia vizuri kwa mtoto na kwenye maji. Hata ikipata saa mbili inasaidia, kwahiyo usikatae eti umeshachelewa.

Hii njia ilipimwa Chicago, majibu yakachapishwa mwaka 1986, ampisilini wakati wa uchungu ikazuia ugonjwa wa mapema. Marekani ilipoanza kuifanya kwa wote, ugonjwa wa siku za mwanzo ukashuka kutoka kama watoto 1.8 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpaka karibu 0.23 mwaka 2015. Dawa yenyewe ni ya zamani na ya bei ndogo, hicho ndo kinachoniuma, kwamba sio dawa ya anasa. Ila ya kuchelewa haizuiwi na hii sindano, ndo maana nimesisitiza dalili.

Nina aleji ya penisilini.

Sema mapema, sio ukiwa sentimita 9. Na useme ilikufanyaje. Kuharisha au kichefuchefu sio aleji. Vipele vidogo zamani za utoto, unaweza kupewa sefazolini. Kama ulivimba uso, ukabanwa pumzi au ukazimia, hiyo ni kubwa na dawa inabadilika, mara nyingi maabara inabidi ipime kama klindamaisini inamuua huyo bakteria wako, na kama haimuui wanaenda vankomaisini.

Nikifanyiwa upasuaji je?

Kama umepangwa, uchungu haujaanza na chupa ni nzima, huhitaji dawa ya GBS, utapewa ile ya kawaida ya kabla ya kisu. Chupa ikiwa imeshapasuka, au uchungu umeanza, hesabu inabaki ileile. Na usiombe kisu kwa sababu ya GBS peke yake.

Kitunguu saumu, mtindi, maji ya ndimu, kuoshwa ukeni na dawa?

Hapana kwa vyote. Hata kuoshwa na klorheksidini hospitali kumejaribiwa na hakukuzuia watoto kuugua. Kitunguu saumu ukeni nimeona kimemuunguza mama mpaka akashindwa kukaa, tafadhali.

Naweza kunyonyesha?

Ndiyo. Nyonyesha. Titi likivimba, likawa jekundu na una homa, nenda utibiwe, huku unaendelea kunyonyesha isipokuwa daktari akupe sababu ya kusimama.

Mtoto akilazwa anatibiwaje, na baadaye atakuwa sawa?

Huku kwetu anaanza na penisilini au ampisilini pamoja na jentamaisini kwa mshipa, hapohapo, bila kusubiri majibu. Watachukua damu waoteshe, na mara nyingi maji ya mgongo. Akina mama wanakataa sana kile kipimo cha mgongo, wanaogopa mtoto atapooza. Naelewa hofu hiyo, nimeshika watoto wengi wakichukuliwa, sindano inaingia chini kabisa ya pale uti wenyewe unapoishia, na bila hayo maji daktari hajui atibu siku 10 au 14 na kuendelea. Ukikubali unamsaidia mtoto apate dozi kamili. Na wakikwambia bado siku nne wakati mtoto ananyonya vizuri, kaa, usimtoe.

Waliougua damu tu wengi wanakuwa vizuri. Waliopata homa ya uti wa mgongo wapo wanaobaki na shida ya kusikia, degedege, kuchelewa kukaa au kutembea. Omba apimwe masikio kabla au mara baada ya kuruhusiwa, na uhudhurie kliniki ya ukuaji hata kama unamuona mchangamfu, maana mtoto asiyesikia anaweza kucheka na kucheza vizuri tu, utagundua ana miaka miwili hajasema neno.

Mtoto wangu alizaliwa mfu. Inaweza kuwa hii?

Inaweza. Kilifi walichunguza na watoto waliozaliwa wafu hospitalini, wakakuta GBS ndo iliyohusika kwa karibu mmoja katika kila uzazi 1,000. Bila kipimo siku ile haiwezekani kujua, na pole sana mama, haukuwa uzembe wako. Kama imetokea sasa hivi na uko hospitali, una haki ya kuomba kondo na mtoto vichunguzwe. Ukikataa pia ni haki yako.

Baba yangu ana kisukari, wamesema kidonda chake kina GBS. Kwani wanaume wanaupata?

Wanaupata, wazee hasa. Ukitoa wajawazito na vichanga, wanaougua vibaya ni watu wenye kisukari, wenye miaka 65 na zaidi, wenye saratani, ini bovu, unene mkubwa. Anaingia kupitia ngozi na mkojo: kidonda cha mguu wa kisukari, jipu, UTI, goti lililovimba na kuchemka ghafla, mfupa, mapafu, na akiingia kwenye damu anaweza kukaa kwenye vali za moyo. Kwa mzee dalili inaweza kuwa kuchanganyikiwa tu, jana alikuwa anaongea vizuri leo hajui siku.

Dawa ni ileile familia ya penisilini na bado inamuua vizuri, ila kidonda kinatakiwa kisafishwe, nyama iliyokufa itolewe, na sukari ishuke, vinginevyo dawa inafanya kazi peke yake. Mfupa ukiguswa tiba inakwenda wiki kadhaa. Kila jioni mkague nyayo, katikati ya vidole, yeye mwenyewe hahisi. Mzee mmoja nilimkuta na mbegu ya ndimu imekaa kwenye kiatu siku tatu, kidonda kilianzia hapo.

Naweza kuupata kwenye chakula?

Mwaka 2015 Singapore kulikuwa na mlipuko, watu wazima wenye afya zao waliugua wengine mpaka homa ya uti wa mgongo, chanzo kikawa samaki wa maji baridi aliyeliwa mbichi. Serikali ikakataza kuuza samaki hao wabichi mwishoni mwa mwaka huo. Perege wa kufugwa nao wanaugua GBS kwenye mabwawa. Sisi samaki tunamkaanga au tunamchemsha, hapo hakuna shida. Ngamia pia wanambeba, kaskazini mwa Kenya wamekutwa naye sana, na ng'ombe mwenye kiwele kibovu, kwahiyo chemsha maziwa, nawa mikono ukishakamua.

Chanjo ipo?

Ya kutumika bado, ziko kwenye majaribio kwa wajawazito, ikiwemo Afrika Kusini na Uganda. Wazo ni mama achanjwe, kinga ipite kwenye kondo imlinde mtoto mpaka miezi ile mitatu, hata ile ya kuchelewa ambayo sindano ya leba haiigusi. Pale Kilifi chanjo inayolenga aina tano za huyu bakteria ingegusa 72 kati ya bakteria 73 waliougulisha watoto. Naisubiri kwa hamu kuliko mashine yoyote mtakayotuletea leba.

Mtoto wangu wa kwanza aliugua GBS, sasa nina mimba nyingine. Nifanyeje?

Wewe huhitaji kipimo. Unapata dawa ya mshipa kwenye kila uzazi kuanzia sasa, hata ukipimwa ukakutwa huna. Hudhurio la kwanza mwambie nesi, aandike juu kabisa ya kadi kwa kalamu nyekundu: mtoto aliyetangulia aliugua GBS. Panga kujifungulia sehemu yenye dawa na inayolaza vichanga, weka nauli pembeni kuanzia wiki ya 34, mwambie mumeo na yule atakayekusindikiza, maana uchungu ukikolea wewe hutakuwa na sauti ya kueleza. Uchungu ukianza tu ondoka, usingoje ukolee. Mtoto akizaliwa usiruhusiwe haraka, kaa siku mbili aangaliwe pumzi, joto na kunyonya, na ile saa ya chupa, iwe imeandikwa.